Kipimajoto Kifuani

Vijana wangu wa maabara, mliponiaga kwa soda na keki iliyokuwa ngumu kuliko sampuli nyingi nilizowahi kupima, mmoja wenu aliniuliza nitaandika lini mambo ya zamani. Basi nimeanza. Habari za vyeo hamtazikuta humu, wala za mshahara, maana vyote viwili vilichelewa na vilipokuja havikunifundisha kitu. Nitaandika habari za bwawa moja upande wa Iringa, katikati ya miaka ya sabini, na kosa nililolifanya nikiwa nimefuata maelekezo yote niliyopewa. Jina la bwawa silitaji. Wanaolijua wanalijua, na bado wananyweshea ng'ombe pale.

Nilitoka kwetu Mbeya nikiwa na cheti cha ufundi, sanduku la bati na sweta zito ambalo mama alilinunua Mwanjelwa. Nikapanga chumba mtaa wa Mlandege. Baridi nilidhani naijua tangu utotoni, lakini ile ya Iringa mwezi wa saba ina upepo ndani yake, na upepo ule hauna adabu. Kwenye ofisi ya maji nilikuwa mwanamke peke yangu ukimwondoa mpiga chapa, ambaye siku ya kwanza alinitazama juu hadi chini akaniuliza kama nimepotea njia.

Aliyenipokea maabara alikuwa Mzee Kalinga, fundi mkuu, Mhehe mrefu mkavu, koti la kaki, penseli mbili mfukoni na hakuna hata moja aliyokuwa akiazimisha. Alinionyesha kiti mbele ya bomba la kioo lililosimama wima. Chini lilikuwa na udongo ulioshindiliwa, juu lina maji.

"Kaa hapo, binti," akasema. "Andika maji yanashuka kiasi gani."

Nilikaa siku tatu. Maji yalishuka unene wa kucha. Mnaolalamika leo kwamba kompyuta inachelewa kuwaka, nawaombeeni siku tatu za kutazama udongo wa mfinyanzi. Siku ya nne niligundua jambo nikadhani nimeharibu: mchana maji yalikuwa yakipita haraka kuliko asubuhi, udongo ni uleule. Nilimwendea Mzee nikaungama. Akacheka, mara ya kwanza na karibu ya mwisho mwaka ule.

"Hujaharibu. Maji yakipata joto yanakuwa mepesi, yanateleza kwenye vitundu vya udongo. Yakiwa baridi yanakuwa mazito. Ndiyo maana nimekuwekea kipimajoto pembeni na wewe hujakitazama hata mara moja."

Kuanzia siku hiyo sikuandika namba ya maji bila kuandika joto lake. Nilijiona nimeshakuwa mtaalamu, na hapo ndipo mtu huanza kuwa hatari.

Bwawa lenyewe lilikuwa la tuta la udongo, limejengwa kuzuia kijito kati ya vilima viwili. Watu walipohamishiwa vijijini, kijiji kimoja kiliwekwa chini ya tuta, kwa sababu ardhi pale ilikuwa tambarare na aliyekuja kupima viwanja hakutazama juu. Wafugaji waliotoka kaskazini nao walileta ng'ombe wao kunywa. Mwaka wangu wa pili kazini, mvua zilipoisha, likaonekana eneo lenye unyevu chini ya tuta, ukubwa wa chumba, maji yanatiririka kidogo kama bomba lisilofungwa vizuri. Swali lilikuwa moja tu. Je, ni chemchemi ya kawaida inayotoka kilimani, au bwawa linavuja kupitia tuta? Kama ni chemchemi, watu wafurahi, wamepata kisima. Kama ni bwawa, maji yakipita yanaweza kubeba udongo wa tuta chembe kwa chembe, na siku moja tuta linakatika na kijiji kiko chini yake.

Mzee Kalinga alinieleza namna ya kujua. Tuliteremsha mabomba sita membamba kwenye udongo wa tuta na pembeni yake, ili tufikie maji yaliyo ndani.

"Udongo wa chini haujui kipupwe wala kiangazi," alisema. "Mwaka mzima joto lake ni lilelile. Lakini maji ya bwawa mwezi wa saba ni baridi ya kutoa machozi. Maji yanayopenya polepole yanakaa na udongo mpaka yanashika joto la udongo, kama mgeni aliyekaa mpaka akazoea chakula cha nyumbani. Maji yanayokimbia hayapati muda huo. Yanafika bado na ubaridi wake. Kwa hiyo ukikuta bomba moja ni baridi kuliko wenzake, hapo kuna njia, na maji yanakimbia."

Sijapata kusikia mtu akiieleza vizuri zaidi, na nimehudhuria semina nyingi zenye chai nzuri.

Kipimajoto tulikuwa nacho kimoja kilichofaa. Mzee alikipaka nta ya mshumaa kwenye kichwa chake, tabaka nene, ili kikivutwa juu kutoka ndani ya bomba kisibadilike kabla hujasoma. Alikijaribu mwenyewe maabara. Ukikitoa kwenye sanduku lake la mbao, ukakizamisha, dakika kumi zinatosha. Akaandika kwenye karatasi: dakika kumi. Nilizifuata dakika kumi hizo kwa saa ya mkononi, sikuiba hata moja.

Sasa sikilizeni. Gari la ofisi halikuwa na mafuta nusu ya muda wote, na nusu nyingine halikuwa na tairi. Nilikwenda bwawani kila wiki kwa basi, kisha kwa miguu mwendo wa saa nzima. Safari ya kwanza tu, basi liliruka shimo na sanduku la mbao likapasuka. Kipimajoto kilipona. Mimi nilikuwa nimekisainia stoo, na kingine kingetoka Dar es Salaam siku ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja. Basi nikafanya ambavyo mama yangu na shangazi zangu wote hufanya na kitu cha thamani: nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikakisweka kifuani, ndani ya sweta. Pale hakivunjiki, hakiibiwi, hakisahauliki. Mzee Kalinga hakuniuliza nakibeba vipi, na mzee wa heshima zake asingeuliza. Na mimi binti wa miaka ishirini na mbili nisingeanza kumweleza mzee wa watu yaliyomo kifuani mwangu.

Njia ya kutoka barabarani ilikufikisha kwanza kwenye bomba lililo karibu na ule unyevu. Kwa hiyo kila wiki nilianza na hilo. Nilikitoa kifuani, nikakizamisha, dakika kumi, nikasoma, nikaandika. Kisha nikaenda la pili nikiwa nimekishika kwa uzi, na la tatu, mpaka la sita. Wiki sita, mabomba sita, joto karibu sawa yote. Hakuna lililo baridi kuliko wenzake.

Jirani wa ule unyevu alikuwa Mama Vumi. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza kabisa chini ya tuta, watoto wanne, mume yuko mashamba ya chai Mufindi. Maji yale aliyachimbia kishimo akawa anafulia. Tulizoeana.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, dada. Umekuja tena na uzi wako?" Alikuwa akisuuza shuka, mikono imekuwa myekundu. "Haya maji siku hizi inakata mikono, jamani. Mwanzoni ilikuwa vuguvugu, mtoto anaoga bila kulia. Sasa hivi nikifua naacha, naenda jikoni nakanda vidole."

Nikamwambia ni baridi ya hewa tu, mama, maji yenyewe hayajabadilika, nimeyapima. Nikamwonyesha daftari. Alilitazama kwa heshima, maana lilikuwa na mistari na mhuri.

"Kwa hiyo niambie ukweli wako, dada," akauliza. "Watu wengine wanasema hii ukuta itatoka. Dada yangu yuko kule juu karibu na shule, ana chumba. Nihamishe watoto ama nikae?"

"Kaa tu, mama. Ni chemchemi."

Nilisema hivyo nikiwa nimesimama wima, penseli sikioni. Nikaandika hivyo hivyo kwenye ripoti, Mzee Kalinga akasoma namba zangu, akaridhika, akasaini.

Wiki iliyofuata niliazimwa Mbeya, kupima unyevu kwenye kilima kimoja juu ya mfereji, kwa mabomba kama yale na kipimajoto kilekile. Nilifurahi, nikalala kwetu, nikala ndizi za mama. Siku ya pili kazini upepo ulipeperusha karatasi yangu ya kwanza mpaka mtoni. Namba za mabomba mengine nilikuwa nazo kwenye daftari, ila bomba la kwanza likawa limepotea. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza la mwisho, nikarudi kwenye la kwanza, nikazamisha, dakika kumi, nikasoma.

Ile namba ya asubuhi nilikuwa naikumbuka vizuri. Hii ilikuwa chini yake kwa digrii tatu kasoro kidogo.

Nikadhani nimekosea kusoma. Nikapima tena: ileile ya chini. Nikakaa juu ya jiwe nikatazama kile kidonge cha nta, na polepole nikakumbuka asubuhi kilikuwa wapi. Nikakisweka kifuani, nikahesabu nusu saa, nikakitoa, nikakizamisha dakika kumi. Kikapanda juu digrii zilezile. Nta nene haivumilii haraka. Ilikuwa imenywa joto la mwili wangu, na dakika kumi hazikutosha kulitapika. Zilitosha kwa kipimajoto kilichotoka sandukuni, na sanduku mimi nilikuwa nimeliacha chini ya kitanda Mlandege.

Kila wiki nilikuwa nimelipasha joto bomba lile moja, lile la kwanza, lile lililo karibu na unyevu. Ukiondoa digrii tatu kwenye namba zake, lilikuwa baridi kuliko wenzake wote. Sikuwaza kazi wala ripoti. Niliwaza mikono myekundu ya Mama Vumi, na jinsi nilivyomwonyesha daftari.

Nilikimbia posta. Simu ya Iringa ilichukua muda kuliko nilioweza kusimama, nikakaa sakafuni. Mzee Kalinga alipopatikana nilipiga kelele kama walivyokuwa wakipiga wote enzi zile.

"Mzee, bomba la kwanza nimelipima vibaya! Wiki zote sita! Ni baridi, mzee, linavuja!"

"Vibaya vipi?"

"Kipimajoto kilikuwa cha moto nilipokizamisha."

"Cha moto? Kilikuwa wapi?"

Watu kumi walikuwa kwenye foleni nyuma yangu, wanaume watupu. "Kifuani, mzee."

Akasema, kwa sauti ya chini sana, "Kipimajoto unacho wewe. Njoo nacho. Mimi natangulia bwawani."

Nilipanda basi la asubuhi nikiwa nimekibeba ndani ya kikapu cha majani ya mgomba, mkononi, na abiria mmoja aliponisaidia kukiweka juu ya mizigo nilimfokea mpaka akaomba radhi. Sijui hata sasa kosa lake lilikuwa nini. Safari nzima nilikuwa nikisikia maji, na kumbe ni injini.

Mzee alikuwa ananisubiri kwenye tuta kesho yake kulipopambazuka. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alikizamisha mwenyewe, na badala ya dakika kumi alisubiri nusu saa, amenipa mgongo. Kilipotoka aliniachia nisome. Digrii kumi na tano. Mabomba mengine yalisimama kwenye kumi na nane. Kisha akateka maji ya ule unyevu kwenye glasi, akainua kuelekea jua. Chini ya glasi kulikuwa na vumbi jembamba, rangi ya tuta.

"Limeanza kubeba," akasema.

Nilimwomba niende mimi mwenyewe kumwambia Mama Vumi. Alikuwa anapeta mahindi uani. Nilimweleza yote, hata habari ya kifua, kwa sababu nilitaka ajue kwamba mikono yake ilisema kweli na chombo changu kilisema uongo. Alinisikiliza ungo ukiwa umesimama hewani.

"Kwa hiyo mimi nilikuambia," akasema.

"Uliniambia, mama."

"Nikakuuliza. Nikakuuliza wazi, nihame ama nikae. Ukasema kaa. Tangu siku ile nalala na watoto wangu pale chini, kwa mdomo wako."

Akaita watoto, akafunga godoro, akapanda kwa dada yake bila kunitazama. Niliwabebea sufuria mpaka nusu ya njia, akanipokonya. Nyumba nyingine za chini zilimfuata siku hiyohiyo.

Mkutano wa kijiji ulikuwa na kelele. Waliotaka bwawa limwagwe lote walikuwa wengi, na wafugaji nao waliuliza ng'ombe watakunywa nini mpaka mvua, machozi yetu? Mzee Kalinga alisubiri mpaka wote walipochoka.

"Hatumwagi lote," akasema. "Tunafungua koki tupunguze urefu wa mtu mmoja, maji yasisukume sana. Na kule yanakotokea hatuzibi. Ukiyaziba yatatafuta mlango mwingine ambao hatuujui. Tunayawekea chujio. Mchanga, juu yake kokoto, juu yake mawe. Maji yapite, udongo ubaki."

Siku tatu kijiji kizima kilibeba mchanga wa kijito kwa ndoo, karai na magunia. Mchanga ulichekechwa kwanza, maana ukiwa mkubwa mno udongo unapita, ukiwa mdogo mno unaziba. Nilichekecha mpaka viganja vikachubuka, na hiyo ndiyo kazi pekee ya juma lile iliyonipa amani. Mama Vumi naye alikuja kubeba. Alipita mbele yangu labda mara hamsini, akamwaga ndoo yake, akarudi kijitoni.

Kila asubuhi na jioni nilikuwa nateka glasi. Siku ya kwanza baada ya chujio, vumbi. Ya pili, vumbi kidogo. Asubuhi ya tatu niliinua glasi nikaona vidole vyangu upande wa pili, vyote, na mstari mweusi chini ya kucha. Nikaisubirisha saa nzima juu ya jiwe. Chini hakukutua kitu. Nililia pale pale kwa sauti, mbele ya wanaume wenye makarai, kisha nikaanza kucheka, na sikuweza kuacha lolote kati ya hayo mawili. Mzee Kalinga alisimama pembeni akisafisha miwani iliyokuwa safi. Baadaye alisema ile karatasi ya dakika kumi aliiandika yeye, na angepaswa kuandika pia kipimajoto kitoke wapi. Nikamwambia hata angeandika, mimi nisingemwambia. Tukaachia hapo.

Hakunifukuza, wala mkuu wa ofisi hakunifukuza, ingawa aliniita mara mbili akaishia kuuliza habari za hali ya hewa. Katika maabara yetu pakawekwa utaratibu ambao nyinyi mmeukuta na mnaulalamikia: bomba la kwanza linapimwa tena mwishoni. Sasa mnajua umetoka wapi. Na pakawekwa mwingine ambao haujaandikwa popote, nami nauandika leo: mtu anayegusa maji yale kila siku aulizwe, na jibu lake liingie daftarini, kwenye mstari wake, kabla ya namba yako. Mkono wa mfuaji hautakupa digrii, lakini utakupa mwelekeo.

Miezi ilipita. Maji ya chujio yalibaki meupe na yakapungua, na joto la bomba la kwanza likapanda taratibu likakaribia wenzake, yaani maji yalikuwa hayakimbii tena. Ofisi ikaruhusu watu warudi chini. Walirudi, Mama Vumi wa mwisho. Kisha mvua zikaanza, bwawa likajaa siku baada ya siku, na ikafika siku ambayo lingefika ukingoni kwa mara ya kwanza tangu tulipolitengeneza. Mahesabu yalisema litasimama. Mzee Kalinga alisema litasimama. Nilikuwa naamini, lakini niliwahi kuamini kabla.

Siku hiyo haikuwa zamu yangu. Nilipanda basi la kwanza, nikateremka ile njia, nikapita mabomba yote sita bila kusimama, nikaingia uani kwa Mama Vumi. Juu ya paa lake uliona ukingo wa tuta, na maji ya ziada yakianza kumwagika pembeni kwenye mfereji wake, kama yalivyotakiwa. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, beseni la viazi mbele yake. Watoto wanacheza.

"Kamwene, mama."

Alinitazama mikono. Haikuwa na kitu. "Umekuja kupima?"

"Hapana. Nimekuja kushinda hapa. Mpaka jioni, ukiniruhusu."

Alitazama tuta, akanitazama mimi. Kisha akasukuma kigoda cha pili kwa mguu, akanipa kisu.

"Basi menya," akasema. "Usikate maganda nene."

Nikamenya viazi siku nzima chini ya bwawa lililojaa.